Mtia Gesi wa Malaba

Protus Echodu alipopita kwenye maghala ya mahindi pale Malaba, watu walimpisha njia. Hawakumpisha kwa heshima. Walimpisha kwa sababu muuza chai mmoja aliwahi kusema kwamba gesi anayoulia wadudu hukaa kwenye nguo zake, na kwamba ukimshika mkono unaweza kuanguka palepale. Haikuwa kweli, na Echodu alikuwa amechoka kusema kwamba si kweli. Alikuwa Mteso wa upande wa Kocholia, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, mwenye tabia ya kusimama mbali kidogo na mtu anapoongea naye, kana kwamba anamsaidia kuogopa.

Kazi yake ilikuwa kuua fukusi na dumuzi. Mahindi yalivuka kutoka Uganda kwa malori, yakashushwa kwenye stoo za wafanyabiashara, na wadudu wakavuka nayo bila kuulizwa vitambulisho. Hapo ndipo Echodu alipoitwa. Alifunika magunia kwa turubai nzito, akaweka vidonge vya kijivu chini yake, akalaza mifuko mirefu ya mchanga kwenye kingo za turubai ili hewa isipite, akatoka, akaziba mlango kwa selotepu pana. Kidonge kikikutana na unyevu ulio hewani hutoa gesi. Mwalimu aliyemfundisha kazi hiyo kule Kitale aliichora ubaoni: fosforasi moja, hidrojeni tatu.

"Inaitwa fosfini," mwalimu alisema. "Ni kitu kisichotulia. Ikichanganyika na uchafu kidogo yaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Ukiiachia nje kwenye jua inavunjika, inaisha. Lakini mkijifungia nayo ndani, nyinyi ndio mtaisha kwanza."

Akawaambia pia jinsi inavyonuka: mara kama kitunguu saumu, mara kama samaki aliyeoza.

Baada ya kuziba mlango, kazi iliyobaki ilikuwa kukaa. Ilikuwa lazima mtu alinde jengo hadi gesi imalize kazi yake na milango ifunguliwe. Echodu alikaa ng'ambo ya barabara kwenye kigoda chake, siku baada ya siku, akitazama mlango uliofungwa wenye picha ya fuvu. Malori yalijipanga kungoja zamu ya kuvuka mpaka. Madereva walishuka, wakanyoosha miguu, wakatafuta chakula, wakacheka na wanawake wa chapati. Kwake hawakuja. Mchana kutwa aliweza kupitisha bila kutumia sauti yake, na jioni akiagiza maharagwe ilimbidi akohoe kwanza ndipo maneno yatoke.

Nyumbani hakukuwa na tofauti. Mkewe, Amuge, alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Miaka ya mwanzo alipiga simu kila wiki, akamwonyesha kwenye video jiko la tajiri wake, kubwa kuliko nyumba yao nzima. Baadaye akawa anapiga mara moja moja. Kisha namba ikawa haipatikani. Echodu aliuliza kwa dada zake Amuge, na mmoja akamwambia, bila kumtazama usoni, kwamba Amuge yu mzima, yuko salama, na asimtafute. Hawakuwa wamejaliwa watoto. Tangu jibu hilo hakuuliza tena habari za Amuge.

Basi kati ya stoo alizozihudumia kulikuwa na moja ya mfanyabiashara aitwaye Geoffrey. Ilikuwa stoo ndefu ya matofali, na nyuma yake Geoffrey alikuwa amejenga vyumba vitatu vya kupangisha, akitumia ukuta uleule wa stoo ili kuokoa gharama. Vyumba viwili vilijaa magunia matupu na makreti. Katika cha tatu aliishi Zilpa.

Zilpa alikuwa mjane kutoka Osieko, kule ziwani. Aliuza omena sokoni Malaba, na kabla hujasikia sauti yake utasikia harufu yake, kwa sababu omena aliziweka chumbani, kwenye magunia chini ya kitanda na kwenye beseni karibu na dirisha. Mara ya kwanza Echodu kumbishia hodi ili kumwambia ahame kwa siku chache, alimfungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Nitoke niende wapi?"

"Kokote, mama. Tunatia dawa stoo. Gesi inaweza kupenya."

"Kwani mimi ni fukusi?"

"Hapana, mama. Ndiyo maana nakuomba utoke."

Zilpa alimtazama kwa muda, kisha akacheka kicheko kikubwa kilichomshtua Echodu, maana hakukumbuka mara ya mwisho mtu kucheka kwa sababu yake. Akafunga mzigo, akaenda Bumala kwa dada yake. Aliporudi, baada ya Echodu kufungua stoo na kupitisha hewa na kupima kwa kifaa chake cha kugundua gesi, alimkuta bado yuko mlangoni akikagua, akamwita ndani ale. Echodu alikaa kwenye ukingo wa kiti, karibu na mlango.

"Sogea, wewe. Mbona unakaa kama mtu wa kudai?" Zilpa akasema.

Ikawa hivyo miaka kadhaa. Kila stoo ilipotiwa gesi, Echodu alikwenda kubisha, Zilpa akamtukana kidogo, akafunga mzigo, akaenda Bumala; na aliporudi walikula pamoja, wakaongea habari za ziwa na za mvua na za watu waliokufa. Katikati ya mara hizo hawakutembeleana. Echodu hakujua angebisha aseme nini kama hakuna gesi. Mara moja alifika hadi kwenye kona ya jengo, siku ambayo hakukuwa na kazi yoyote, akasimama, akamsikia Zilpa akiimba wimbo wa kanisani huku akichambua omena, akageuka akarudi zake.

Ukuta ule ulikuwa na ufa. Ulianzia karibu na sakafu, ukapanda kwa mshazari hadi chini ya bati. Echodu aliuziba kwa udongo na gundi kila mara, na kila mara ukafunguka upya. Alimwambia Geoffrey.

"Boss, chumba hiki kisikae mtu. Ufa unakua."

"Si wewe huwatoa watu?" Geoffrey akajibu. "Akishatoka, ufa una ubaya gani?"

Mwaka mmoja mahindi yaliingia kwa wingi, na Geoffrey akataka dawa itiwe haraka. Echodu akabisha, Zilpa akatoka, safari hii bila kutukana. Alionekana mchovu. Alisema tu, "Haya, naenda kusumbua watu wa Bumala," akabeba mfuko wake mdogo. Echodu akaziba ufa, akafunga utepe mwekundu kwenye mlango wa chumba, akarudi kwenye kigoda chake.

Siku ya tatu, alasiri, jua likiwa bado kali, aliinuka kuzunguka jengo kama kawaida yake. Alipofika uani aliona utepe mwekundu haupo mlangoni. Ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa dirishani, kama mtu anavyokunja kitambaa cha mwenzake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Zilpa!"

Akabisha kwa ngumi.

"Zilpa! Uko ndani?"

Sauti nzito ya chini ikatoka ndani. "Wacha nilale, Echodu. Kichwa kinaniuma."

Alivaa barakoa yake ya gesi, akaurukia mlango kwa bega. Mara ya kwanza haukufunguka. Mara ya pili kitasa kikang'oka pamoja na kipande cha mbao. Zilpa alikuwa amelala kwa ubavu, jasho baridi limemtoka, na amejitapikia kwenye shuka. Echodu akamshika chini ya kwapa, akamburuta hadi nje, hadi mbali na jengo, chini ya jua, akamlaza kwa ubavu na kulegeza nguo zake kifuani. Alipoivua barakoa ili amwite, harufu ya omena kwenye nguo za Zilpa ilimjaa puani, na hapo akaelewa. Zilpa aliingia, akanusa, akaona chumba kinanuka vile kinavyonuka siku zote. Samaki. Hakuwa na sababu ya kuogopa.

Watu walikuja wakasimama mbali. Echodu akaita, "Nisaidieni tumbebe!" Hakuna aliyesogea. Kijana mmoja wa boda boda alisema, "Mzee, hiyo gesi itatumaliza," akasukuma pikipiki yake nyuma.

"Gesi imebaki ndani," Echodu akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Huyu ni mtu. Mtu tu. Mnamjua, mnanunua omena kwake."

Walitazamana. Mwishowe mwendesha boda mmoja wa makamo, Olinga, ambaye Echodu hakuwahi kuongea naye hata siku moja, akaleta pikipiki yake karibu. "Panda nyuma umshike," akasema. "Mimi nitakimbia." Wakamweka Zilpa katikati, kichwa chake kikaegemea mgongo wa Olinga, na mikono ya Echodu ikamzunguka na kushika shati la dereva ili asianguke. Ilikuwa miaka mingi tangu amshike mtu hivyo. Njia nzima alihisi moyo wa Zilpa chini ya mkono wake ukienda ovyo, ukikimbia, ukisimama, ukikimbia tena.

Katika hospitali ya Kocholia walimpokea bila kuchelewa. Muuguzi aitwaye Winny, msichana mwenye sauti ya upole, alimuuliza Echodu kilichotokea, naye akaeleza: vidonge gani, gesi gani, alikuwa ndani kwa muda gani kwa kukisia. Winny akaenda, akarudi.

"Mzee, nikuambie ukweli," akasema. "Gesi hii haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tunampa oksijeni na maji, tunaushikilia moyo wake usianguke. Mwili wenyewe ndio utapigana. Hizi siku mbili ndizo za hatari."

"Nakaa," Echodu akasema.

"Sawa. Wewe ni nani wake? Mume?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hapana."

"Jirani?"

Echodu akafikiri. Hata jirani hakuwa. "Mimi ndiye humwambia atoke," akasema, na Winny akamtazama asielewe, kisha akaacha kuuliza.

Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Alizoea kukaa na kutazama mlango uliofungwa, lakini kule Malaba alijua kilichokuwa upande wa pili: magunia, na wadudu wanaokufa. Hapa hakujua. Alirudia kichwani kila alichofanya: udongo, gundi, utepe. Alijiuliza kwa nini alizunguka jengo alasiri na si mchana. Wanawake waliokuja kuona wagonjwa wao walimsalimia kwa Kiteso, "Yoga," naye akajibu, na mmoja wao akampa ndizi mbili na uji kwenye chupa bila kumuuliza yeye ni nani. Alikunywa uji ule akiwa ameinamisha uso.

Zilpa alifungua macho vizuri siku ya tatu ya hospitali. Walipomruhusu Echodu kuingia, alisimama penye miguu ya kitanda.

"Sogea," Zilpa akasema kwa sauti ndogo. "Hata hapa unakaa mlangoni."

Akasogea. Akauliza, "Kwa nini ulirudi?"

Zilpa akavuta pumzi. "Kwa dada yangu kuna harusi ya mtoto," akasema. "Nyumba imejaa. Kila mtu ana mtu wake. Nikilala, mtu ananiruka kwenda nje. Hakuna aliyenifukuza, Echodu. Hakuna aliyeniona. Nikasema afadhali chumba changu, nitalala, hakuna atakayejua. Nikanusa. Nikaona ni samaki zangu tu."

"Ungeniambia."

"Ungeniruhusu?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo." Akafumba macho. "Lakini nilijua utapita. Nikiwa nimelala pale kichwa kikigonga, nikasema huyu mzee atapita. Ulichelewa tu kidogo."

Geoffrey alifika hospitalini na maziwa na mkate. Alimpa pole Zilpa, kisha akamwita Echodu pembeni, chini ya paa la wodi. Afisa wa afya alikuwa ameshasikia habari na angekuja kuuliza. "Sikiza, mzee wangu," Geoffrey akasema. "Ukweli ni kwamba mama alitoa utepe mwenyewe. Hilo liseme. Na useme hakai pale. Ni stoo ya magunia, yeye alijiingiza kulala. Tukisema hivyo, kila mtu anarudi kazini."

"Amekaa pale miaka, boss."

"Najua amekaa. Nakuambia useme nini."

Afisa alipokuja, Echodu alisema yote. Alisema Zilpa alitoa utepe. Akasema pia kwamba alikuwa mpangaji, kwamba ukuta una ufa, na kwamba alishamwambia mwenye jengo. Hakusema kwa ushujaa. Alisema akitazama viatu vyake, kwa sauti ambayo afisa alimwomba airudie. Lakini alisema.

Vile vyumba vitatu vikafungwa kwa amri. Afisa alipiga misalaba mikubwa ya rangi nyekundu kwenye milango, na Geoffrey akaambiwa hakuna mtu kuishi pale tena. Geoffrey hakumfokea Echodu. Alimtumia tu ujumbe kwamba amepata mtu mwingine wa dawa, na wenye stoo za jirani wakaacha kumpigia simu, mmoja mmoja.

Zilpa alipotoka hospitalini hakuwa na pa kurudi. Echodu alikuwa amemhamishia vitu vyake, kitanda, beseni, sufuria, vikiwa vimefunikwa kwa turubai barazani kwake. Zilpa alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akiwa bado anahema kwa kutembea hatua chache, akaitazama mizigo yake.

"Umenitoa mara nyingi," akasema. "Mara hii umenitoa kabisa."

Echodu alitaka kusema kwamba chumba chake ni kikubwa, kwamba angeweza kuweka pazia katikati, kwamba yeye mwenyewe angelala upande wa mlango. Maneno yalifika karibu kabisa. Lakini alifikiria watu wangesemaje juu ya mjane huyu mwenye afya mbovu na mwanamume anayenuka gesi, akafikiria pia Amuge, ambaye mbele ya sheria bado alikuwa mkewe. Akayameza. Huenda Zilpa aliyasubiri; huenda alikuwa anapumzisha kifua tu. Alikaa hapo muda, mikono juu ya magoti, kisha akaomba simu, akampigia kaka yake Osieko aje amchukue.

Kaka yake, Methuselah, alikuja na pikapu ya samaki. Wakapakia. Zilpa alimshika Echodu mkono mbele ya watu wote wa mtaa ule, akaushikilia, akamwambia, "Mulembe, Echodu," yaani amani iwe nawe, akapanda.

Baada ya hapo Echodu alirudi kwenye shamba la marehemu baba yake, kando ya Kocholia. Nyumba ilikuwa imeegemea upande mmoja, akainyoosha. Alilima mahindi na mihogo. Wakulima wa jirani walipojua alikuwa mtia gesi, walimletea vidonge walivyonunua kwa kificho, wakamuuliza waviweke vipi kwenye magunia yaliyo chumbani wanamolala watoto. Alikataa kabisa. Akawaambia wanunue ile mifuko isiyopitisha hewa, wakaushe mahindi vizuri na kufunga mdomo barabara, na wadudu watakufa wenyewe kwa kukosa pumzi, bila sumu yoyote. Wengine walimsikiza. Wengine waliona anawanyima. Nyumba moja baada ya nyingine alikwenda kuwaonyesha namna ya kufunga, akanywa maji yao, akaondoka.

Alikwenda Osieko mara moja, wakati wa kiangazi. Alimkuta Zilpa ameketi kwenye kivuli cha nyumba ya kaka yake, amepungua, akiwaelekeza wanawake wengine namna ya kuanika omena kwenye nyavu, maana yeye mwenyewe hakuweza kuinama kwa muda mrefu. Alifurahi kumwona, na furaha hiyo haikufichika. Walikula. Methuselah, mtu mkarimu, akasema, "Mzee Echodu, hata huku ziwani watu wanahifadhi mahindi. Mtu anayejua mambo kama wewe hawezi kukosa kazi. Plot za kujenga zipo."

Echodu akamtazama Zilpa. Zilpa alikuwa anatazama ziwa.

"Unasemaje?" Echodu akamuuliza.

"Nyumba hii imejaa watu, Echodu," Zilpa akasema taratibu. "Wananiangalia usiku na mchana, wananipimia chumvi, wananikataza kutembea. Nimekuwa mgonjwa wa watu. Ukija hapa utakuwa wa pili." Akatabasamu, lakini macho hayakufuata. "Wewe kaa kwako. Uwe unakuja."

Alimsindikiza hadi barabarani, akisimama kila mara kupumua, naye Echodu akisimama pamoja naye bila kumharakisha. Upepo wa ziwa ulivuma kwa nguvu, ukapeperusha vumbi. Gari lilipokuja, Zilpa aliligonga bati kwa kiganja, kama anavyofanya mtu anayeruhusu gari liende, akageuka kabla halijaondoka.

Echodu alifika shambani jua likizama. Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye mihogo yake. Akawafukuza, akarudisha miiba kwenye mwanya wa ua. Alipomaliza alisimama hapo mkono ukivuja damu kidogo, akasikiliza. Kwa jirani watu walikuwa wanaitana kula, jina kwa jina. Akangoja hadi wote walipoitwa, ndipo akaingia ndani kuwasha taa.